Tusiunyooshe Mto Tana

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa bandu bandu huisha gogo. Mwenye kutaka kuyashuhudia maneno hayo kwa macho yake hana haja ya kwenda mbali. Na asimame kando ya Mto Tana, kwenye kizingo chochote kati ya Garissa na Garsen, autazame upande wa nje wa kona. Ataliona gema limesimama wima kama ukuta wa nyumba, mizizi ya miembe inaning'inia hewani, na chini yake maji ya rangi ya chai ya maziwa yanazunguka kama yanayotafuta mlango. Kila baada ya mvua kubwa kipande cha ardhi huenda na maji. Ng'ambo ya pili, upande wa ndani wa kona, fungu la mchanga limelala likiota jua, nalo huongezeka mwaka baada ya mwaka. Kwa hivyo mto huu humnyang'anya mmoja na kumpa mwingine, na wala hauombi ruhusa ya chifu.

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, nyote mmeyasikia maneno yanayozunguka vijijini mwetu siku hizi. Watu wamechoka. Wazee wanayataja mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997, na sisi wenyewe tuliyaona yale ya mwisho wa mwaka 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024. Sasa kumezuka rai moja ambayo nimeisikia barazani, dukani, na hata hapa shuleni wakati wa chakula cha mchana. Ati tuchangishane pesa, tuite tingatinga, tuikate shingo ya kizingo kinachotusumbua, mto upite moja kwa moja na mashamba yapumue. Wanaosema hivyo si wajinga. Wana watoto wa kulisha, na mgomba ukishaangukia mtoni haurudi.

Mimi rai hiyo naipinga. Wala mtu asidhani naipinga kwa kuwa hainihusu. Shamba la babu yangu liko upande ule ule unaoliwa. Mfereji ukichimbwa, huenda likapona kwa muda. Hata hivyo nasema tusiunyooshe mto, na sababu zangu nitazitoa moja baada ya nyingine, asiyekubaliana nami apate pa kunishikia.

Kwanza tumjue mshtakiwa wetu. Watu husema mto umelewa ndiyo maana unayumba. La hasha! Tana huzaliwa katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, husafiri karibu kilomita 1,000, na kuingia Bahari ya Hindi kule Kipini. Huko juu una mteremko mkali na miamba ya kuubana. Lakini ukifika Garissa uko kiasi cha mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na bado una mamia ya kilomita za kwenda. Hapo umeingia kwenye uwanda wa udongo laini ambao mto wenyewe ndio ulioumwaga. Katika uwanda wa namna hii maji hayakai katika mstari ulionyooka. Mti ukianguka mtoni, au kipande cha gema kikimeguka, mkondo husukumwa kidogo upande mmoja. Upande ule huliwa, na ukishaliwa mkondo huzidi kuelekea huko huko. Pindo dogo huwa kona, na kona huwa kizingo.

Ukitaka kujua linalotendeka ndani ya kona, usiende maabara, nenda jikoni. Tia majani ya chai katika kikombe cha maji, yaache yazame, koroga kwa kijiko kisha ukitoe. Utadhani majani yatarushwa pembeni kama abiria wa matatu inayokata kona kwa kasi. Sivyo! Yatakusanyika katikati, chini kabisa. Mwaka 1926 mwanasayansi Albert Einstein aliutumia mfano huu wa kikombe cha chai kueleza kwa nini mito hupinda. Kabla yake, mwaka 1876, James Thomson, kaka yake Lord Kelvin, alikuwa ameshaueleza mzunguko wa aina hiyo katika kona za mito.

Siri yenyewe ni hii. Maji yanapozunguka hujitupa nje, hivyo hupanda kidogo pembeni kuliko katikati. Mrundiko huo huyasukuma maji yarudi ndani. Maji ya juu yana kasi, kwa hivyo hayakubali kurudi. Ya chini yanajisugua na kitako cha kikombe, kasi yake imepungua, hayana nguvu ya kukataa. Basi hurudi katikati na kuyabeba majani. Mtoni mambo ni vivyo hivyo. Maji ya juu hukimbilia upande wa nje, hugonga gema, huzama, kisha hurudi yakitambaa sakafuni kuelekea upande wa ndani yakiwa na mchanga wake. Changanya mwendo huo na safari ya kwenda baharini, utapata maji yanayosonga mbele huku yakijisokota kama kamba. Ndiyo sababu upande wa nje una kina kirefu na gema, na upande wa ndani una maji mafupi na fungu la mchanga ambapo mamba hupenda kuota jua.

Juu ya msokoto huo kuna vurugu nyingine. Mwaka 1883, huko Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo lenye maji yanayotembea. Maji yalipokwenda polepole uzi ulinyooka vizuri. Kasi ilipozidi kiwango fulani uzi ukavurugika, rangi ikatapakaa bomba zima. Mto kama Tana uko katika hali hiyo ya pili. Hata siku unapoonekana mtulivu kama maji ya mtungini, ndani yake mna mizunguko mikubwa na midogo, mingine inapanda na mingine inashuka. Mizunguko hiyo ndiyo inayouinua mchanga laini na kulizuia tope lisizame. Isingekuwepo, maji ya Tana yangekuwa maangavu.

Sasa tutazame mzigo. Mchanga mkubwa hubingirika na kurukaruka sakafuni, mchanga laini na tope huelea. Msweden mmoja, Filip Hjulström, alionyesha mwaka 1935 jambo ambalo mimi lilinishangaza nilipolisoma. Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana kuliko za mchanga, lakini mchanga ndio ulio rahisi kung'olewa, maana mfinyanzi hushikana. Hata hivyo mfinyanzi ukishang'oka, maji ya polepole yanatosha kuupeleka mbali. Basi nenda ukalikague gema. Mara nyingi utaona tabaka la mfinyanzi juu na mchanga chini. Maji huuchimba ule mchanga wa chini, mfinyanzi hubaki umening'inia kama kibaraza kisicho na nguzo, kisha siku moja, pu!

Na siku yenyewe mara nyingi si ile ya mafuriko, bali ni baada ya maji kuanza kupungua. Mto ukijaa, maji huliegemea gema na kulisaidia kusimama. Mto ukishuka haraka, udongo umebaki umelowa na mzito, na ule mkono uliokuwa ukiushikilia haupo tena. Kwa hivyo wenzangu mnaotumwa kuteka maji, msisimame ukingoni mkidhani hatari imekwisha kwa kuwa maji yamepungua.

Tukishaelewa hayo tunaweza kuupima mfereji unaopigiwa debe. Tuseme kizingo kina urefu wa kilomita 3, na toka mwanzo hadi mwisho wake maji yanashuka sentimita 60. Hiyo ni sentimita 20 kwa kila kilomita. Tuseme pia shingo yake ni mita 300 tu. Ukiikata, maji yatashuka sentimita zile zile 60, lakini ndani ya mita 300, yaani kwa kiwango cha mita 2 kwa kilomita. Mteremko umekuwa mkali mara 10! Maji yatapita kwa kasi, na maji yenye kasi yana njaa. Yataichimba sakafu, na uchimbaji huo utapanda kurudi nyuma kuelekea kwa majirani walio juu yetu. Udongo wote utakaochimbwa utachukuliwa hadi pale mteremko unapolegea tena, yaani kwa majirani walio chini yetu, na kumwagwa hapo. Sakafu ya mto wao itainuka, na mvua zijazo maji yatapanda kingo zao kwa urahisi zaidi. Sisi tutakuwa tumeuhamisha msiba wetu kwa watu ambao hawakuitwa barazani.

Pia kuna walio ndani ya kizingo chenyewe. Mto ukipita mkato, kizingo hufungwa kwa mchanga kwenye ncha zake mbili na kubaki ziwa lenye umbo la mundu. Watu waliojenga kando yake, wenye visima na mashine za kupampu maji, wataamka asubuhi mto umewakimbia. Je, hao si watu? Sisi tunaokaa huku Tana tunajua ziwa la namna hiyo lina faida yake. Lina samaki, na kiangazi lina nyasi na maji ya mifugo. Lakini kumlazimisha mwenzako abadilishiwe mto kwa dimbwi ili shamba langu lipone, hilo halina tofauti na wizi.

Msije mkadhani haya ni mahesabu ya daftarini tu. Kuna waliojaribu, nao ni matajiri kuliko sisi. Katika jimbo la Florida huko Marekani kuna mto uitwao Kissimmee, uliokuwa ukipindapinda kwa kilomita 166. Baada ya mafuriko kuwatesa watu, serikali iliuchimbia mfereji kati ya mwaka 1962 na 1971, na ule mto ukawa kilomita 90 za maji yaliyonyooka. Maeneo oevu yalikauka, ndege wa majini waliokuwa wakija huko wakati wa baridi wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Watu wakaanza kulalamika kabla hata rangi ya kazi haijakauka. Mwaka 1992 bunge lao liliidhinisha kuurudisha mto katika vizingo vyake. Kazi ya kufukia sehemu ya mfereji ilianza mwaka 1999 na kumalizika mwaka 2021. Walitumia miaka 9 kuunyoosha na 22 kuupinda tena, na hata hivyo haukurudi wote. Ikiwa Marekani ilijuta, sisi wa harambee ya tingatinga moja tutafanyaje? Majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume.

Najua wapinzani wangu wana hoja nzito, nami sitaikimbia. Watasema, "Mto usiposhikwa utatuhama. Si mnaikumbuka Hola?" Naam, twaikumbuka. Mradi wa unyunyizaji wa Hola, ulioanza katika miaka ya 1950, ulisimama mwaka 1989 kwa sababu Tana ulibadili njia, pampu zikaachwa bila maji. Ilichukua miaka mingi kabla mashamba yale hayajafufuliwa. Lakini tujiulize, Hola inatufundisha nini? Mimi nasoma humo kwamba mto wa uwandani ni mhamaji, na aliyefunga maisha yake yote kwenye nukta moja ya ukingo atapatikana siku moja. Mfereji tunaoutaka ungefanya kwa mikono yetu yale yale ambayo mto ulifanya Hola. Tena ungewafanyia watu wa kijiji jirani.

Mwingine atauliza, "Mbona mto wenyewe huvikata vizingo vyake, kwani sisi tukikata kuna dhambi gani?" Kweli, huvikata. Yale maziwa ya umbo la mundu yaliyotapakaa kwenye uwanda wetu yalizaliwa hivyo. Lakini mto ukikata hapa, huendelea kupinda na kurefuka pengine, na kwa jumla urefu wake haupungui sana. Mwanadamu akikata hataki mto upinde tena, kwa hivyo itambidi aulinde mfereji wake kwa mawe na saruji kila mwaka. Hizo pesa nani anazo?

Yuko pia anayesema kwamba mabwawa ya juu yameshautia mto adabu. Ni kweli kwamba Kindaruma ya mwaka 1968, Masinga ya 1981, Kiambere ya 1988 na mengine yamepunguza baadhi ya mafuriko na kuzuia sehemu ya tope. Lakini maji yaliyoacha mzigo wake bwawani hutoka yakiwa mepesi, na maji mepesi yana nafasi ya kubeba mzigo mpya. Huutoa wapi? Kwenye sakafu na magema yaliyo chini ya bwawa. Tena mvua ikizidi, kama ilivyotokea mwaka 2024, mabwawa hujaa na kumwaga. Mto hauwezi kuguswa mahali pamoja, pengine pasijue.

Basi tufanye nini, tukae tukitazama mashamba yakiliwa? Hapana. Nina mapendekezo manne, na yote kwa jumla hayafikii bei ya kukodi tingatinga mwezi mmoja.

La kwanza, tuondoke ukingoni kwa hiari kabla ya kuondolewa. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima katika ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka mtoni, kwa kutegemea kiwango cha juu cha mafuriko. Najua mnacheka, maana ukanda huo ndio wenye rutuba, na tope la mto ndilo linalotupa ndizi, maembe na mpunga. Nami sisemi kila mtu aache kila kitu kesho. Nasema upande wa nje wa kizingo ndio uachwe kwanza, kwa sababu huo mto utauchukua hata ukiupigia magoti. Familia zitakazopoteza ardhi kwa njia hii zipewe nafasi upande ambao mto unaongeza, na wazee waamue kwa haki. Ardhi hupotea ng'ambo hii na kuzaliwa ng'ambo ile. Tukigombana ni kwa sababu hatujakaa kuigawa.

La pili, tuache miti na matete ya ukingoni. Mizizi haiwezi kuuzuia mto milele, lakini huushika udongo na kuchelewesha maporomoko, na shamba likipata miaka 5 zaidi, hicho ni chakula cha miaka 5.

La tatu, tusichote mchanga wa biashara chini ya gema wala kwenye mafungu bila mpango. Mto ulionyang'anywa mchanga wake utautafuta mwingine, na hatujui utapiga hodi kwa nani.

La nne linatuhusu sisi wanafunzi. Hapa barazani kila mtu ana kipimo chake. Mmoja anasema mto umekula hatua 50, mwingine hatua 10. Chama chetu kishirikiane na wanajiografia. Tukiwa na mwalimu, na tukijihadhari na mamba, tupige vigingi mita 10, 20 na 30 kutoka kwenye gema, na kila muhula unapoanza tupime ni mita ngapi zimebaki. Baada ya miaka 3 tutaweza kumwambia mkulima, "Mzee, kwa mwendo huu nyumba yako ina misimu kadhaa, anza kuhama polepole." Kwa maoni yangu msaada huo ni mkubwa kuliko mfereji, na gharama yake ni miti michache na kamba ya kupimia.

Babu nilimweleza haya yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema miembe ile aliipanda mwenyewe na hataki kuiona ikienda. Sikuwa na jibu la kumpoza, wala sayansi haina. Nilimwambia tu kwamba miche tukiipanda msimu huu mbali na gema, itaanza kuzaa kabla ile ya zamani haijaisha. Tumeshapanda 6.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye kunipinga na aandike katika toleo lijalo, ila kabla ya kuandika aende kwanza akapime.